Tairi la Kushoto la Mbele

Walimsamehe Odera akiwa tayari amelala ndani ya jeneza. Ilikuwa Jumapili, mwezi uliopita, nyumbani kwake karibu na Sondu, kwa sababu Wasabato hawaziki Jumamosi. Aliyemsamehe alikuwa Mzee Ogutu. Wajukuu walimshika mikono wakamsimamisha, akapewa maiki, akakohoa ndani yake, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, "Marehemu alikuwa dereva wangu akiwa kijana. Alikuwa na kasoro zake, nyinyi mnazijua, hata jina mlimpa. Lakini mimi nilimsamehe zamani. Mungu naye amsamehe." Watu wakaitikia amina. Wengine walicheka chinichini, kicheko cha mapenzi, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa limekaa muda mrefu hata likapoteza makali: Odera Tairi. Vijana waliokuwa wamebeba viti walilijua jina hilo bila kujua lilitoka wapi. Mimi nilijua. Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, mwanamke mwenye mvi aliyeshuka garini na begi moja. Nimehamahama maisha yangu yote. Nimedanganywa Bondo, nimeibiwa Busia, nimefukuzwa kazi katika miji ambayo sikumbuki hata barabara zake. Lakini sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika nikimsikia yule mzee akitoa msamaha ambao haukuwa wake kuutoa.

Jina hilo lilitoka mwaka ule ambao magugu maji yalifunika ziwa, ukisimama ufuoni unaona shamba la kijani mahali palipokuwa maji. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, na tangu hapo nilikuwa nimeosha vyombo hotelini Awasi, nimeuza mafuta ya taa, nimesuka nywele vibaya na kuambiwa hivyo. Kisumu nilikuwa napita tu. Karibu na soko la Kibuye nilimwona mwanamume akibandua tairi kutoka kwenye rimu kwa vyuma viwili, kama mtu anayemvua samaki ngozi, nikasimama nikamuuliza mle ndani mna nini. Nilisimama kuuliza swali moja, nikabaki karibu mwaka mzima. Mwanamume huyo alikuwa Baba Njoki, mfanyabiashara aliyehamia kutoka upande wa Nyeri, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniajiri nipulize upepo na kuziba matundu kwa sababu, alisema, wanaume aliokuwa nao hawakuuliza chochote na hawakujua chochote, na mimi angalau nilikuwa na nusu tu ya ugonjwa huo: sikujua, lakini niliuliza. Kila mtu pale aliniita Nyar Awasi, yaani binti wa Awasi, na jina hilo likanitosha.

Baba Njoki ndiye aliyenifundisha kwamba tairi linasomwa. Alikuwa akiliviringisha mbele yangu na kuniuliza, "Hii ilikulwa na nini?" Likiisha katikati, limejazwa upepo kupita kiasi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba na mwenye gari ni mvivu. Likiliwa upande mmoja tu, gurudumu halitazami mbele sawasawa, kuna kitu kimepinda huko chini, na ukipitisha kiganja juu ya meno yake unahisi laini ukienda na makali ukirudi. "Ukibadilisha tairi na hujauliza nani alikula ya kwanza," alikuwa akisema, "unaleta tu sahani ya pili." Aliniambia pia kwamba tairi hubadilishwa mawili kwa mawili kwenye ekseli moja, si moja peke yake. Nilimpenda kwa maneno hayo, na ndiyo maana mpaka leo sijaweza kumwelewa kwa alichofanya baadaye. Maana upande wa pili wa biashara yake ulikuwa wa matairi ya mitumba, na hapo ujuzi uleule uligeuka. Tairi lililoliwa upande mmoja alilifunga kwenye rimu upande mbovu ukitazama ndani, chini ya gari, akapaka nje dawa nyeusi likang'aa. Wateja walijua. Kisumu nzima ilijua kwamba tairi la mtumba huuzwa kwa uso wake mzuri. Waliinama, wakapapasa nyuma kwa mkono, wakamtukana Baba Njoki, naye akacheka, bei ikashuka, wote wakaridhika.

Nilipanga chumba Nyalenda katika nyumba ya udongo iliyokuwa ya Odera na mkewe, Mama Akinyi. Wao walikuwa na chumba kikubwa na mtoto wao mmoja wa wakati huo, mimi kidogo, na ukuta uliotutenga haukufika kwenye mabati. Juu yake palikuwa na nafasi ya kutosha paka kupita, na maneno yalipita pamoja na paka. Nilijua walipogombana, nilijua waliposali, nilijua uji ulipoungua. Jioni Mama Akinyi aliniita nile nao, na mara nyingi chakula kilikuwa mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki baada ya viwanda kuchukua minofu na kuipeleka Ulaya. Aliikaanga mpaka ikakauka, kisha akaichemsha na nyanya na osuga, ile mboga chungu ya majani, na tulikaa kwenye mkeka tukifyonza kila mfupa, Odera akisema, "Wazungu wanakula samaki, sisi tunakula anwani yake." Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mashati mawili na yote yakiwa yamepigwa pasi. Aliendesha pikapu ya chama cha akina mama wauza samaki. Kila alfajiri aliwabeba na masanduku yao kutoka ufuoni hadi sokoni, siku nyingine hadi Awasi au Sondu kunapokuwa na mnada. Ijumaa jua likielekea kuzama alilirudisha gari nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, kule kule ufuoni, akamkabidhi ufunguo, akarudi kwa miguu akiimba. Jumamosi ilikuwa ya kanisa. Hata ungemwahidi nini, asingegusa usukani siku hiyo. Mwenyekiti huyo alikuwa Ogutu, mwanamume pekee katika chama cha wanawake, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa na boma lenye lango, na kwa sababu akina mama waliambiwa kwamba benki hupenda kuona mwanamume.

Nilisikia mambo yakianza kupitia juu ya ule ukuta. "Mama Akinyi, hii gari inanivuta," Odera alisema usiku mmoja, kijiko kikigonga sufuria. "Inakuvuta wapi?" "Kushoto. Nikiachilia mkono kidogo tu, inataka kuenda kwa mtaro." "Labda inataka kukojoa." Walicheka. Kisha akasema, bila kucheka, kwamba wiki mbili kabla ya hapo lilikuwa halivuti. Asubuhi nilimwambia aje nalo Kibuye. Nililala chini ya gari kwenye gunia na kupapasa tairi la kushoto la mbele: upande wa nje meno yalikuwa mazuri, upande wa ndani yalikuwa yamekwisha. Yale ya mbele yote yalikuwa ya zamani, kwa hiyo chama kilikubali kununua mapya mawili, mapya kabisa, ya dukani kwa Baba Njoki. Niliyafunga mimi mwenyewe. Yalikuwa bado na vile vinywele vya mpira vinavyosimama kama ndevu za mbuzi, na mstari wa rangi ya njano ukizunguka. Nilimwambia Odera kwamba kabla ya yote gari lipelekwe kupimwa alaimenti, waangalie ni nini kimepinda, la sivyo tunaongeza sahani ya pili. Akaenda kumwambia Ogutu. Alirudi ameinamisha kichwa. "Amesema ni mkono wangu ndio unavuta," alisema. "Ati niache kushika usukani kama jembe." Na kwa kuwa Ogutu alikuwa mwenyekiti, na alaimenti ilikuwa neno ambalo akina mama hawakuliona likibeba samaki, jambo likaishia hapo. Jumapili moja, kabla gari halijaanza kuvuta, Odera alikuwa amekuta bampa ya nyuma haipo. Ogutu alimwambia vijana wa vyuma chakavu waliingia wakaing'oa. Odera alisikitika, akawasamehe hao vijana, akalaza boriti ya mbao nyuma pale na kuifunga kwa waya.

Mvua zilipokaribia, gari lilikuwa likivuta vibaya kiasi kwamba bega la kulia la Odera lilivimba. Alikuja Kibuye, nikapandisha jeki, nikatoa tairi la kushoto, nikaliviringisha kwenye mwanga. Sijawahi kuona kitu kama kile. Nje, mpira mpya na vinywele bado vimesimama. Ndani, kipara, na katikati ya kipara nyuzi zilikuwa zimeanza kutoka kama shuka kuukuu. Watu wamesafiri juu ya hilo, nilifikiri, akina mama kumi na samaki wao, kwenye mteremko wa mvua. Odera aliliangalia kwa muda mrefu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwaminifu asiyejua uaminifu ulivyo hatari, alilipakia nyuma akawapelekea wenye gari walione.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la samaki, akina mama wamekalia masanduku yaliyopinduliwa, visu bado mikononi, magamba yakimetameta kwenye vidole vyao. Nilikwenda kwa sababu hakuna aliyenikataza. Ogutu aliliweka tairi katikati. "Akina mama, mimi sisemi mengi," alisema. "Tairi tulinunua mpya. Hii ndio dereva anatuletea. Angalieni wenyewe." Waliinama, wakapapasa, na mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote, akapiga makofi mara moja. "Wuololo! Hii ni ya Kibuye! Hii ni ile wanageuza!" Wote wakaelewa papo hapo, kwa sababu wote walikuwa wameuziwa tairi la namna hiyo wakati fulani au walimjua aliyeuziwa: uso mzuri nje, ubovu ndani. Hakuna mtu mahali pengine popote angefikia hukumu hiyo haraka namna ile. Odera aliuza lile jipya, akanunua mtumba, akafunga uso mzuri nje. Basi. "Na ni siku gani haonekani?" Ogutu aliuliza polepole, kana kwamba jambo hilo lilikuwa linamjia wakati ule. "Jumamosi," akina mama wakasema. "Yeye husema yuko kanisani," akasema Ogutu. "Sijui. Mungu ndiye anajua." Odera alikuwa amesimama na shati lake lililopigwa pasi. Alisema, "Mama zangu, mimi Jumamosi niko mbele ya Mungu." Mtu akacheka. Nikasimama nikasema kwamba tairi hilo nililifunga mimi, waone vinywele, waone mstari wa njano, mtumba gani una vinywele? Yule mwanamke mnene akaniambia, "Nyathina, wewe unalala kwa nyumba yake. Utasema nini?" Nyathina ni mwanangu. Alisema kwa upole kabisa, na upole huo nauchukia mpaka leo.

Walikubali jambo moja: Baba Njoki aulizwe. Nilikimbia njia nzima, nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu nilijua anasoma tairi kama wengine wanavyosoma gazeti. Alikuja, akalizungusha tairi mara moja tu, na niliona kwenye macho yake kwamba alilisoma lote, tangu mwanzo hadi mwisho. Kisha akavua kofia, akairudisha kichwani, akasema, "Mimi nauza tairi nyingi. Hii siikumbuki." Nikamvuta kando. "Baba Njoki, ni wewe ulinifundisha!" Akanong'ona bila kunitazama, "Nyar Awasi, nikisema niliuza tairi mpya ikaisha hivi, nani atanunua kwangu? Dereva atapata kazi ingine. Duka haipati jina lingine." Nilifungua aproni pale pale nikamwachia mikononi. Watu huniambia kwamba alikuwa mgeni mjini, mtu wa mbali, alilinda riziki yake, nimwelewe. Nimejaribu. Nimekuwa mgeni katika miji mingi kuliko yeye. Simwelewi.

Odera alifukuzwa siku hiyo, na jina likampata siku hiyohiyo. Lilifika Nyalenda kabla yake. Usiku ule, juu ya ukuta, sikusikia ugomvi. Nilimsikia Mama Akinyi akiuliza, "Uliuza?" na Odera akijibu, "Hapana." Kisha mkewe, "Basi kula." Sijapata kusikia mtu akiaminiwa kwa maneno machache zaidi ya hayo. Lakini mimi sikuweza kulala, kwa sababu swali la Baba Njoki lilikuwa bado halijajibiwa na yeye alikuwa ameliacha: tairi lile lililiwa na nini? Gari haliharibiki kwa kwenda sokoni. Odera alikuwa ameniambia kwamba alilikabidhi Ijumaa likiwa zima, akalikuta Jumapili linavuta. Kwa hiyo Jumamosi, Odera na mkewe walipokwenda kanisani na viatu vyao mikononi kwa ajili ya matope, mimi niliteremka ufuoni.

Pikapu haikuwa kwenye boma la Ogutu. Ilikuwa ukingoni mwa maji, pua ikitazama ziwa, na Ogutu mwenyewe akiwa kwenye usukani, mkono mmoja nje ya dirisha. Kutoka mbele ya gari kamba nene ilitoka ikaingia kwenye magugu maji, na mwisho wa kamba, mbali kule ndani ya ule ukijani, wanaume walikuwa kiunoni majini wakisukuma mtumbwi mkubwa wenye injini uliokwama. "Haya! Rudisha!" Ogutu akatia gia ya nyuma. Injini ikalia, magurudumu ya nyuma yakachimba mchanga, kamba ikanyooka ikatetema, na pua nzima ya gari ikainama upande wa kushoto kama ng'ombe anayevutwa sikio. Mtumbwi ukasogea na kuacha njia nyeusi ndani ya magugu. Wanaume wakashangilia. Nilimsogelea mmoja aliyekuwa anakamua kaptura yake. "Mnafanya hivi siku zote?" nikamuuliza. "Kila Sabato, sista. Bila hii, mitumbwi ya mzee yote ingeoza huko. Hii ndio tingatinga yetu." "Na kamba mnafunga wapi?" "Kwa mguu wa mbele. Ile ya kushoto ndio iko karibu." "Mbona si nyuma?" Akacheka. "Nyuma tulifunga mwanzo. Bampa ilikuja peke yake!" Nililala kwenye mchanga nikachungulia. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa chini, ule unaolishika gurudumu la kushoto, na chuma kilikuwa kimepinda kama kidole cha mzee. Rangi ilikuwa imechubuka pale kamba ilipokaa, mikwaruzo ya zamani chini ya mipya. Ogutu alitoa kichwa dirishani. "Wewe msichana, unatafuta nini chini ya gari yangu?" Nikasimama nikajifuta mchanga. "Natafuta aliyekula tairi," nikamwambia. Akarudisha kichwa ndani. Lakini aliyaona macho yangu, nami niliyaona yake. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba Ogutu hakujua, kwamba ilikuwa bahati mbaya, kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Kama hakujua asubuhi ile, alijua kufikia mchana.

Jumatatu niliwaeleza akina mama bandani, mmoja mmoja na kisha wote pamoja. Nilichora kwa kisu kwenye matope: hapa gurudumu, hapa mkono, hapa kamba. Nikawaomba wainame tu, wachungulie, gari lilikuwa hatua chache kutoka pale. Wawili waliinama. Mmoja aliinuka akasema chuma kweli kimepinda, lakini barabara zetu nazo, nani asiyepinda? Ogutu hakukana kuvuta mitumbwi. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. "Nilisaidia watu waliokwama," alisema. "Kusaidia ni dhambi? Nyinyi samaki mnauza inatoka wapi, kama si kwa mitumbwi?" Wakaguna kukubali, maana mitumbwi hiyo ndiyo iliyowaletea samaki, na mwenyekiti akiudhika samaki huenda kwa wengine. Niliona mle bandani jinsi ukweli unavyoweza kusikika vizuri na bado ukakosa pa kukaa. Kisha yule mwanamke mnene akasema tumechelewa, jua linapanda, samaki hawasubiri kesi, na visu vikaanza tena kukwaruza magamba. Wakaajiri dereva mwingine. Wakanunua tairi lingine la kushoto, moja peke yake. Likaliwa, dereva akafukuzwa kwa wizi. Wakaajiri wa tatu, naye akawa mwizi. Ungedhani Kisumu yote ilikuwa imejaa madereva wasio na kazi nyingine ila kuiba tairi la kushoto la mbele. Hakuna aliyejiuliza kwa nini wezi wote hao hawakuwahi kuligusa lile la kulia.

Odera aliomba kazi kwa wenye malori, kwa Mhindi wa sukari, kwa shule. Kila mahali walimuuliza jina, na kabla hajamaliza kulitaja mtu alikuwa ameshacheka. Kabla ya mwaka kwisha walifunga vyombo vyao, Mama Akinyi akiwa mjamzito wa mtoto wa pili, wakahamia Sondu kwa mjomba wa Odera, na Odera akaanza kuchota mchanga mtoni. Hakuendesha gari tena. Nililala wiki moja katika nyumba ile peke yangu, nikisikiliza paka akipita juu ya ukuta bila neno lolote pamoja naye, kisha na mimi nikaondoka. Nilimtembelea Sondu kila nilipopita, na kila mara nilimkuta na shati lililopigwa pasi baada ya kazi, mikono imepasuka, akicheka. Tukila, jirani akapita akiita, "Odera Tairi!" naye akaitikia, "Ndio, omera, ndugu yangu, karibu!" Nilimuuliza mara moja kwa nini anaitikia. Akasema, "Nisipoitikia watadhani inauma." Mama Akinyi alikuwa anapakua ugali. Aliupiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi ndivyo ilivyokuwa, na ndicho nilichokuwa nacho kifuani pale Ogutu alipomaliza kusamehe akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Nilinyanyuka nikapita katikati ya viti. Kijana aliyeongoza shughuli, mwenye suti inayong'aa, akanikinga. "Mama, haumo kwenye programu." "Hata huyo marehemu hakuomba kuwemo," nikamwambia, nikachukua maiki mkononi mwake. Sikusema mengi. Nilisema kwamba Odera hakuuza tairi. Kwamba lilikuwa lilelile nililolifunga kwa mikono hii. Kwamba lililiwa na kamba, Jumamosi, saa ambazo yeye alikuwa kanisani, na aliyekuwa kwenye usukani yupo hapa amekalia mto. Hema likaanza kuvuma. "Aaa, mama, si leo." "Mwacheni aseme!" "Nani huyo?" Ogutu akainua fimbo yake. "Huyu ni nani?" "Ni Nyar Awasi, Mzee. Unanikumbuka. Nilikuwa chini ya gari." Alinitazama. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na nilielewa kwamba hakuwa amebeba jambo hilo hata siku moja, alikuwa amelitua pale pale ufuoni, Odera akaliokota. "Mambo ya kale," akasema. "Leo tunazika. Tusiharibu." "Wewe ndiye uliyeyaleta," nikasema. "Ungenyamaza, ningenyamaza. Lakini utamsamehe vipi mtu uliyemuibia jina?" Mchungaji akampungia mkono kiongozi wa kwaya. Wimbo ukaanza. Mtu, sijui nani na sitaki kujua, akaenda nyuma ya nyumba akazima jenereta, na maiki ikafa mkononi mwangu.

Niligeuka nirudi nyuma kuchukua begi langu. Watu walinipisha kama wanavyompisha mlevi. Ndipo Mama Akinyi alipoinuka kutoka kando ya jeneza. Alikuwa mnene sasa, mguu mmoja ukimsumbua, na alitembea polepole, akainua mkono mara moja tu kuelekea kwaya, nao wakanyamaza, maana ni nani atakayeimba mjane akimwambia nyamaza. Alinishika kiwiko akanirudisha mbele, mpaka mahali walipokuwa wamekaa wanawe watano, Akinyi mwenyewe na wale wanne ambao nilikuwa nawajua kwa majina tu, watu wazima waliokua wakiitwa watoto wa Tairi. Wote walikuwa wamenikazia macho.

"Nyar Awasi," alisema, "rudia. Polepole. Kati ya hawa wote, ni mmoja tu aliyekuwa amezaliwa wakati ule."